Pepa ya hesabu kesho saa 2 asubuhi, integresheni sijui hata moja. Wakuu nisaidieni usiku huu

Mtoto_wa_Kesha — saa 3:08 usiku

Wakuu habari za usiku. Sizunguki.

Niko mwaka wa kwanza, nasoma mambo ya uchumi chuo fulani (sikitaji, wenzangu wamejaa humu). Kesho saa 2 kamili asubuhi tuna UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ya hesabu. Koziweki yangu (alama za kazi za muhula) ni 19 kwa 40. Advance (kidato cha tano na sita) nilisoma HGE, yaani historia, jiografia na uchumi; BAM, ile hesabu ya ziada, nikatoka na S, pasi ya chini kabisa, na hiyo S yenyewe nadhani msahihishaji alinionea huruma.

Kudiferenshieti naweza. Ile ya kushusha kipeo mbele halafu unakipunguza moja naifanya hata usingizini. Tatizo ni integresheni. Lekcha alipoianza mimi nilikuwa nahangaikia bumu (pesa ya mkopo), niliporudi darasani nikakuta ubao umejaa vidude virefu kama ndoana, nikaona aibu kuuliza. Wiki tatu zikapita hivyohivyo.

Desa (notsi za kunakili) ninalo, kurasa 41, limepigwa picha na mtu aliyekuwa anatetemeka. Nimebakiwa na saa kumi na moja kasoro. Nifundisheni kama mnafundisha mtoto. Matusi naomba yaje kesho mchana.

---

pilipili_mbuzi — saa 3:13 usiku

Lala dogo. Sapu, mitihani ya marudio, ziliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe na mimi. Mimi nilikula tatu mwaka wa kwanza na leo nina watoto wawili.

---

Bwana Shamba — saa 3:15 usiku

Wiki tatu! Halafu mkifeli mnasema lekcha ana roho mbaya.

---

Mtoto_wa_Kesha — saa 3:16 usiku

> Wiki tatu!

Mkuu nimeomba kesho mchana.

---

Mwl Mstaafu — saa 3:29 usiku

Kijana, weka hilo desa pembeni, litakuua. Chukua karatasi na kalamu, simu iwe ya kusomea uzi huu tu.

Swali la kwanza. y = x³. Diferenshieti, uniandikie jibu hapa.

---

Mtoto_wa_Kesha — saa 3:31 usiku

Shikamoo mwalimu. 3x².

---

Mwl Mstaafu — saa 3:32 usiku

Marahaba. Sasa nageuza. Mimi nimeshika 3x² mkononi, nimesahau ilitoka wapi. Nirudishie ilikotoka.

---

Mtoto_wa_Kesha — saa 3:33 usiku

x³?

---

Mwl Mstaafu — saa 3:45 usiku

Umeshaintegreti. Sikutanii, umefanya ∫ 3x² dx kwa kichwa. Ile ndoana inakuuliza swali hilohilo moja: hiki kitu kilizaliwa na nini? Na dx mwisho inakwambia herufi inayohusika ni x.

Njia ya kwenda unaijua: shusha kipeo mbele, kisha punguza moja. Njia ya kurudi unafanya kinyume, na kwa mpangilio wa kinyume. Unaongeza moja kwenye kipeo kwanza, halafu unagawanya kwa kipeo kipya. Ni kama kuvaa soksi na viatu. Ulianza na soksi, kwa hiyo kuvua unaanza na kiatu.

∫ x⁵ dx = x⁶/6 + C

Hiyo C sasa. Diferenshieti x³, utapata 3x². Diferenshieti x³ + 7, utapata 3x². x³ − 200 pia 3x². Namba iliyosimama peke yake inakufa njiani, kwa hiyo ukirudi hujui kama ilikuwepo au haikuwepo. C ndiyo nafasi yake unayomwekea. Ukiiacha, msahihishaji anakata alama, na ana haki.

Nakupa tano. Usikimbilie programu ya simu, nitajua.

a) ∫ x⁴ dx
b) ∫ 6x dx
c) ∫ 7 dx
d) ∫ √x dx
e) ∫ 1/x² dx

---

Fundi_Barabara — saa 3:50 usiku

Mwalimu huyu angenifundisha mimi nisingekimbia shule. Nafuatilia.

---

Mtoto_wa_Kesha — saa 4:07 usiku

a) x⁵/5
b) 3x²
c) 0
d) √x ni x^(1/2), nikiongeza moja x^(3/2), kwa hiyo (3/2)x^(3/2)
e) x^(−2), inakuwa x^(−3) gawa kwa −3

---

Mwl Mstaafu — saa 4:20 usiku

Mbili kati ya tano, na hizo mbili nazo hazina C. C umeitupa wapi? Nimetoka kuandika aya nzima.

c) Umediferenshieti. Nimeuliza ni kitu gani kilizaa 7. Ni 7x. Mkono wako umezoea kwenda, ukichoka utakwenda tu hata ukiambiwa urudi. Kesho ukisoma swali, pigia mstari ile ndoana kabla hujaanza.

d) Ulitakiwa kugawanya kwa 3/2, wewe umezidisha. Kugawanya kwa 3/2 ni kuzidisha kwa 2/3. Jibu ni (2/3)x^(3/2) + C.

e) −2 ukiongeza moja unapata −1. Wewe umeshuka hadi −3. Jibu ni x^(−1) gawa kwa −1, yaani −1/x + C.

Sasa nikupe kitu ambacho wenzako wengi hawatakuwa nacho kesho. Katika integresheni unaweza kujisahihisha mwenyewe ndani ya chumba cha mtihani. Ukipata jibu, lidiferenshieti. Likirudi kuwa swali, umepata. Lisiporudi, kuna mahali umekosea. Jaribu kwenye (d) yako: diferenshieti (3/2)x^(3/2), unapata (9/4)√x. Swali lilikuwa √x. Ungejikamata mwenyewe kabla sijakukamata.

Rudia tatu ulizokosa.

---

Ndugu Mjumbe — saa 4:24 usiku

Mimi nauliza kwa nia njema kabisa. Hivi hii kitu mtu anaitumia wapi? Nina duka la vifaa vya ujenzi mwaka wa 14 na sijawahi kuona mteja anaomba integresheni.

---

Fundi_Barabara — saa 4:38 usiku

> sijawahi kuona mteja anaomba integresheni

Mjumbe, wanaokuja kununua kifusi kwa tripu wanaitumia bila kuijua.

Mimi niko kwenye timu ya upimaji wa barabara. Tukitaka kujua udongo wa kukata kwenye kilima, tunapima sura ya mkato kila baada ya mita 20. Tuseme wa kwanza una mita za mraba 12, wa pili 16, wa tatu 14. Huwezi kuzidisha tu, maana kilima hakiko sawasawa. Unachukua wa mwanzo na wa mwisho, unawajumlisha, unagawa kwa mbili: 13. Unaongeza wa katikati: 29. Unazidisha kwa 20. Meta za ujazo 580. Hapo lori la meta 10 ni tripu 58, na bosi akiletewa hesabu ya tripu 90 anajua kuna mtu anakula.

Ukipima kila mita 5 badala ya 20 unakaribia ukweli zaidi, kila mita 1 zaidi tena. Integresheni ni hapo unapopima kila nywele.

---

Mswahili_wa_Kisumu — saa 4:44 usiku

Ndugu zangu wa Bongo, hiyo ya Fundi sisi huku Kenya tuliisoma kidato cha nne, kwenye mfumo wa 8-4-4. Kanuni ya trapeza, halafu ile ya ordineti za katikati, halafu integresheni yenyewe, zote kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne. Nashangaa nyinyi mnaanza kuiona kidato cha tano. Mwalimu wetu alikuwa anasema spidi ya matatu ni diferenshiesheni na ile namba ya kilomita inayojiongeza pale chini ya spidomita ni integresheni. Mshale unakwambia kasi ya sasa hivi, ile namba inakusanya kila kasi uliyopita nayo tangu gari litoke kiwandani.

---

Mtoto_wa_Kesha — saa 4:49 usiku

Subiri. Kwa hiyo eneo chini ya mchoro wa kasi ndio umbali?

---

Mswahili_wa_Kisumu — saa 4:51 usiku

Ndio hivyo. Kilomita 60 kwa saa, kwa saa 2, ni mstatili wenye urefu 60 na upana 2. Eneo lake 120. Kasi ikibadilikabadilika mstatili unapinda kichwa, lakini kazi ni ileile.

---

Mtoto_wa_Kesha — saa 4:52 usiku

Mbona hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo.

Mwalimu, marudio: c) 7x + C, d) (2/3)x^(3/2) + C, e) −1/x + C. Zote nimezirudisha, zinakuwa swali.

---

Mwl Mstaafu — saa 4:55 usiku

Vizuri. Kanuni hiyo ina mgonjwa mmoja tu, 1/x. Ni x^(−1), ukiongeza moja kipeo kinakuwa sifuri, halafu unatakiwa kugawanya kwa sifuri. Haiwezekani. Huyo jibu lake ni ln|x| + C (ln ni logi asilia), mkariri. Na e^x inazaa e^x, haibadiliki. Kwa mtu wa uchumi hizo mbili zinatosha.

---

Dada_Mhasibu — saa 5:02 usiku

Mwalimu naomba kuingilia, mimi nilisoma kozi kama yake. Mdogo wangu, wewe ni wa uchumi, kwa hiyo pepa yako haitakuwa ndoana tupu. Watakuja na majino kosti, yaani gharama ya kutengeneza kimoja cha ziada. Nakuhakikishia.

Mfano: majino kosti ni 3q² − 4q + 10, gharama zisizobadilika ni 500. Tafuta gharama jumla.

Unaintegreti: q³ − 2q² + 10q + C.

Hapa ndipo nilipoielewa C mimi, miaka mitatu baada ya kumaliza chuo, nikiwa kazini. Weka q = 0, yaani kiwanda hakijatengeneza hata kimoja. Kinachobaki ni C. Na kiwanda ambacho hakijatengeneza kitu kinadaiwa nini? Pango. Mlinzi. Kwa hiyo C = 500. Gharama jumla ni q³ − 2q² + 10q + 500.

Ile C mnayoitupa ndiyo kodi ya nyumba.

---

pilipili_mbuzi — saa 5:05 usiku

"Ile C mnayoitupa ndiyo kodi ya nyumba." Mwenye nyumba wangu asiuone uzi huu.

---

Dada_Mhasibu — saa 5:18 usiku

La pili ni ziada ya mlaji. Bei ambayo mtu alikuwa tayari kulipa ukitoa aliyolipa. Wanakupa P = 100 − 2Q, msawazo (pale wauzaji na wanunuzi wanapokubaliana) uko Q = 20, bei 60.

Unaintegreti 100 − 2Q kutoka 0 hadi 20. Inakuwa 100Q − Q². Unaweka 20 kwanza: 2000 − 400 = 1600. Unaweka 0: inatoka 0. Juu ukitoa chini, 1600. Kisha unatoa pesa waliyolipa kweli, 60 × 20 = 1200. Ziada ni 400.

Chora uhakikishe: ni pembetatu yenye kitako 20 na kimo 40. Nusu ya 20 mara 40, ni 400. Mkiwa na mipaka, C haihitajiki kwa sababu ingejitoa yenyewe.

---

Mtoto_wa_Kesha — saa 5:21 usiku

Dada Mungu akubariki. Umeme umekatika huku, simu ina asilimia 34. Naandikia tochi ya rumu meti.

---

Bwana Shamba — saa 5:23 usiku

Punguza mwanga wa kioo, zima data ukimaliza kupakua kurasa. Na dogo, nisamehe yale ya mwanzo. Mwanangu naye yuko mwaka wa kwanza.

---

Mwl Mstaafu — saa 5:40 usiku

Asante Dada, umenipunguzia kazi. Kijana, mtego mmoja kwenye eneo, halafu tunabadilisha herufi, halafu unalala.

Eneo kati ya y = x² − 4 na mhimili wa x, kutoka 0 hadi 3. Mtu mwenye haraka anaintegreti: x³/3 − 4x. Anaweka 3: 9 − 12 = −3. Anaandika eneo ni −3. Shamba la hasi tatu! Umeliona wapi?

Mchoro huo uko chini ya mhimili kutoka 0 hadi 2, unavuka kwenye 2, unapanda juu. Integrali inahesabu kilicho chini kama deni. Ukitaka eneo, kata vipande pale unapovuka.

0 hadi 2: 8/3 − 8 = −16/3. Toa alama ya hasi: 16/3.
2 hadi 3: −3 − (−16/3) = 7/3.
Jumla 23/3.

Kabla ya kuintegreti eneo lolote kesho, tafuta kwanza mchoro unakata mhimili wapi. Weka y = 0. Ni dakika moja.

---

Mtoto_wa_Kesha — saa 5:58 usiku

Nimeielewa. Nimeichora. Asilimia 27.

---

Mwl Mstaafu — saa 6:12 usiku

Kubadilisha herufi. ∫ x(x² + 1)⁴ dx. Usithubutu kufungua mabano, utakesha.

Tazama ndani ya mabano: x² + 1. Ukiidiferenshieti unapata 2x, na nje kuna x imekaa. Ukiona kilichoko ndani kimezaa jamaa wa nje, ndio dalili. Ita u = x² + 1. Basi du = 2x dx, kwa hiyo x dx = du/2.

Swali linakuwa ∫ u⁴ du/2 = u⁵/10 = (x² + 1)⁵/10 + C.

Ile nusu ndiyo inayosahaulika. Watu wanaandika u⁵/5 wanaondoka wanacheka. Na kama kuna mipaka, 0 hadi 1, ibadilishe nayo: x = 0 inampa u = 1, x = 1 inampa u = 2. (32 − 1)/10 = 3.1.

Pia usije ukaintegreti vitu vilivyozidishana kimojakimoja. x mara x ni x², ukiiintegreti unapata x³/3. Ukifanya kimojakimoja unapata x²/2 mara x²/2, yaani x⁴/4. Kujumlisha unaruhusiwa kutenganisha, kuzidisha huruhusiwi.

---

Injinia_Mtoro — saa 6:19 usiku

Na bai patsi je? Mwalimu umeiruka. Vitu vinavyozidishana ambavyo havibadilishiki herufi ndiyo kazi yake.

---

Mwl Mstaafu — saa 6:22 usiku

Nimeiruka makusudi. Saa sita za usiku, mtu amejifunza ndoana saa tatu zilizopita. Nikimwongezea bai patsi atachanganya na hii ya u, akose zote mbili. Bora aende na chache zilizokaa.

---

Injinia_Mtoro — saa 6:30 usiku

Kwa heshima yote mwalimu, sikubaliani. Inakuja karibu kila mwaka, na huwa ni ileile. Naiweka hapa, akitaka aisome.

∫ x e^x dx. Chagua mmoja wa kumdiferenshieti (x, maana atakwisha na kuwa 1) na mmoja wa kumuintegreti (e^x, maana habadiliki). Jibu: wa kwanza mara integrali ya wa pili, toa integrali ya (wa kwanza aliyediferenshietiwa mara integrali ya wa pili).

x e^x − ∫ 1 · e^x dx = x e^x − e^x + C.

Diferenshieti uone: e^x + x e^x − e^x. Inarudi x e^x.

---

Msomi_wa_Kijiweni — saa 6:36 usiku

Wakati mnabishana, niwape ya kuchangamsha. Ile ndoana ni herufi S iliyovutwa, S ya "summa", neno la Kilatini la jumla. Aliianzisha Leibniz, Mjerumani, kwenye karatasi zake za tarehe 29 Oktoba 1675. Kwa hiyo alichoandika Fundi kuhusu kujumlisha mikato ndicho hasa alama yenyewe inachosema. Na kabla yake zaidi ya miaka 600 Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Kairo, alishapata ujazo wa umbo linalotokana na kuzungusha parabola, kwa kukata vipande vyembamba na kujumlisha vipeo vya nne vya namba. Bila ndoana yoyote.

---

Mtoto_wa_Kesha — saa 6:39 usiku

Kaka asante ila hiyo haitoki kesho. Asilimia 16.

---

Fundi_Barabara — saa 6:41 usiku

Mimi nimeipenda. Kumbe ni S.

---

Mtoto_wa_Kesha — saa 7:04 usiku

Nimefanya maswali manne ya pepa za nyuma. Matatu yamerudi nilipodiferenshieti. La nne nimesahau nusu, nikaiona mwenyewe. Bai patsi nimeitazama, macho yanafunga. Naiacha. Ninywe kahawa niendelee na kurasa za desa?

---

Mwl Mstaafu — saa 7:09 usiku

Hapana. Lala. Kurasa 41 saa saba usiku zitakufuta hata hizi ulizonazo. Nimesimamia mitihani mingi, nimeona watoto waliokesha wanasoma swali la kwanza mara tano. Amka saa 11 alfajiri, chukua karatasi tupu, andika bila kutazama: kanuni ya kipeo, 1/x, e^x, C, kukata mhimili, u na nusu yake. Ukikwama mahali ndipo uangalie. Halafu kaoge.

---

Dada_Mhasibu — saa 7:11 usiku

Na kalamu mbili. Na kitambulisho.

---

Mtoto_wa_Kesha — saa 7:12 usiku

Asilimia 9. Usiku mwema wakuu. Nitarudi na majibu au na aibu.

---

Bwana Shamba — saa 2:40 asubuhi

Muda huu yuko ndani.

---

Ndugu Mjumbe — saa 4:15 asubuhi

Mimi nimefungua duka lakini nachungulia huku. Nimepiga hesabu ya kifusi cha Fundi kwenye daftari la madeni. Ni kweli 580.

---

Mtoto_wa_Kesha — saa 6:25 mchana

Wakuu nimetoka.

Majino kosti IMEKUJA. Dada Mhasibu popote ulipo, nina deni lako. Gharama zisizobadilika zilikuwa 1200, nusu ya chumba wameandika C wakaiacha inaning'inia. Mimi nimelipa kodi ya nyumba.

Eneo limekuja. y = x² − 2x kutoka 0 hadi 3. Hapo nje sasa hivi kuna ugomvi. Ukiintegreti moja kwa moja unapata 9 − 9, sifuri. Kuna jamaa yetu anayepataga A za kila kitu, ameandika eneo ni sifuri na anaapa. Mimi nimeweka y = 0 kwanza, nikaona inakata kwenye 2. Nimepata 4/3 chini na 4/3 juu, jumla 8/3. Mwalimu niambie niko sahihi kabla sijamjibu.

Bai patsi imekuja. ∫ x e^x dx. Alama 6. Ileile ya Injinia, bila kubadilisha hata herufi. Nimeiangalia, ikaniangalia.

---

Injinia_Mtoro — saa 6:31 mchana

Mimi sisemi kitu.

---

pilipili_mbuzi — saa 6:32 mchana

Umeshasema.

---

Mwl Mstaafu — saa 6:50 mchana

8/3 ni sahihi. Mwambie mwenzako achore, ataona sehemu mbili zilizojaa wino halafu akueleze sifuri iko wapi.

Bai patsi lawama ni yangu. Injinia, ulikuwa sahihi, alama 6 za kijana nimezila mimi. Ila sijui kama angeikumbuka kwa yale macho.

Kulikuwa na kingine?

---

Mtoto_wa_Kesha — saa 6:58 mchana

Usijali mwalimu, bila wewe ningeandika jina tu.

Ziada ya mlaji haikuja. Kulikuwa na ∫ kutoka 1 hadi e ya 1/x, nimepata 1. Ya mwisho ilikuwa rahisi, ∫ (2x + 3)² dx. Nimeongeza kipeo nikagawa: (2x + 3)³/3 + C. C nimeiweka kubwa, na mduara.

---

Mwl Mstaafu — saa 7:03 mchana

Hiyo ya mwisho uliidiferenshieti kabla ya kukusanya karatasi?

---

Mtoto_wa_Kesha — saa 7:05 mchana

Hapana, muda ulikuwa umebaki dakika mbili. Kwa nini?

---

Mwl Mstaafu — saa 7:06 mchana

Idiferenshieti sasa.

---

Mtoto_wa_Kesha — saa 7:14 mchana

Nimefanyia nyuma ya risiti ya chipsi. Inatoka 2(2x + 3)².

Ilitakiwa /6.

Ngoja nikalale.